Jinsi ya kupanga kumbukumbu za maisha ya askofu wa Welisi wa enzi za Tudor, ukoo uliotawala Uingereza na Welisi

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Katika karne ya 16 familia nyingi za Welisi hazikuwa bado na jina la ukoo. Mtu alitambulishwa kwa baba yake. Mfano wetu ni Askofu Richard Davies: baba yake aliitwa Dafydd ap Gronw, yaani Dafydd mwana wa Gronw. Ukiwatafuta wazee wake kwa jina la Davies utatoka mtupu. Tafuta Dafydd, tena pale Gyffin, karibu na Conwy.

Tarehe ndizo zenye kazi. Mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Davies aliwekwa wakfu kuwa askofu wa St Asaph, dayosisi ya Welisi, tarehe 21 Januari: kwa hesabu ya wakati huo ni 1559, kwa yetu ni 1560. Andika 1559/60, kisha hakiki kwa mwaka wa utawala, yaani mwaka unaohesabiwa tangu mtawala ashike kiti. Elizabeth I alishika kiti 17 Novemba 1558, kwa hiyo siku hiyo imo katika mwaka wake wa 2, kwa hesabu yoyote ile.

Usiridhike na "alipata uaskofu mwaka fulani". Kulikuwa na kibali cha malkia, kura ya makanoni (mapadre wa kanisa kuu), uthibitisho, kuwekwa wakfu, kisha kukabidhiwa mali za dayosisi. Vitabu viwili vikipishana kwa miezi, mara nyingi kila kimoja kimeshika hatua yake. Askofu akihamishwa hawekwi wakfu tena. Davies alihamia dayosisi ya St David's, pia Welisi, mwaka 1561, basi tafuta uthibitisho katika rejista ya Askofu Mkuu wa Canterbury, iliyoko maktaba ya Lambeth Palace.

Ukimkuta askofu akila pia mapato ya parokia, usimfute haraka ukidhani ni mtu mwingine. Katika tathmini ya mapato ya kanisa ya 1535 dayosisi ya Bangor, Welisi, ilipewa takriban pauni 131 kwa mwaka, ilhali Winchester ya Uingereza ilipita 3,000; maaskofu wa Welisi waliruhusiwa kujaziliza. Linganisha shahada za chuo kikuu na dayosisi kwanza, kwani majina yanajirudia mno.

Pengo la 1553 hadi 1558 nalo lisikutishe. Chini ya Mary I, malkia Mkatoliki, Davies aliyekuwa Mprotestanti alinyang'anywa parokia zake akakimbilia Frankfurt, hivyo wakati huo mfuate Ujerumani.

Kaburi lake usilitafute kwenye kanisa kuu la St David's. Makao ya askofu yalikuwa Abergwili, karibu na Carmarthen. Huko ndiko alikofia mwaka 1581, na huko ndiko alikozikwa.