Somo: Kumtambua mkesha wa Brazili, anzia tumboni

Nchini Brazili mikesha, ndege waitwao thrush kwa Kiingereza, huitwa sabiá. Wengi ni wa jenasi Turdus, ile ile ya mikesha wetu wa Afrika Mashariki. Hapa nazungumzia wale wa kusini-mashariki, kuanzia bustani za São Paulo hadi Msitu wa Atlantiki. Karibu wote wana mgongo wa kahawia, kwa hiyo mgongo hautakusaidia sana.

Hatua ya 1. Tazama tumbo. Likiwa la rangi ya chungwa iliyoiva, umeshampata: sabiá-laranjeira (Turdus rufiventris), ndege wa taifa tangu 2002. Hawaogopi watu, utamkuta anapekua majani makavu akitafuta minyoo.

Hatua ya 2. Tumbo likiwa limepauka, panda usoni. Hapa usiharakishe, ndipo wengi wanapochanganya. Sabiá-poca ana weusi kati ya jicho na mdomo, na akitua hutikisa mkia. Sabiá-barranco hana weusi huo. Kichwa chake ni cha kijivu kuliko mgongo. Michirizi ya koo wanayo wote wawili, isikuamulie.

Hatua ya 3. Ukiwa msituni, kwenye kivuli, tafuta alama nyeupe chini ya koo lenye michirizi, pamoja na wekundu ubavuni. Huyo ni sabiá-coleira.

Hatua ya 4. Mweusi mwenye mdomo na miguu ya manjano ni dume la sabiá-una. Jike lake ni la kahawia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, sabiá-do-campo yuko hatua ya ngapi?
Hayumo, ndugu yangu. Jina tu linafanana. Yeye ni wa familia nyingine, Mimidae; ana mkia mrefu na mstari mweupe juu ya jicho.

Naweza kumfuga laranjeira kwa ajili ya sauti yake?
Hapana. Sheria namba 9.605 ya 1998 inakataza kumfuga ndege wa porini bila kibali. Amka kabla ya alfajiri kati ya Septemba na Desemba, utamsikia bure hata katikati ya jiji.

Shikamoo mwalimu. Niko Boston. Mkesha wetu mwekundu-kahawia wa msituni hupotea Septemba. Huenda wapi?
Marahaba, dada. Kama ni Catharus fuscescens, yuko safarini kwenda Brazili, hasa Amazonia. Mtafute tena Mei.