Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchubua na Kupaka Rangi Upya Vipuri vya Injini ya Gari la Zamani

Kabla ya kununua kopo la rangi, tafuta sumaku. Hata ile ya spika mbovu inatosha. Ipitishe kwenye kila kipuri unachokusudia kuchubua na uandike jibu kwenye karatasi: inaponata ni chuma, isiponata ni alumini, magnesiamu, zinki au shaba. Maamuzi mengine yote yanaanzia kwenye karatasi hiyo, kwa sababu dawa inayoliacha bloku la chuma likiwa safi kama jipya ndiyo hiyo hiyo itakayokula kifuniko cha alumini hadi kitoboke.

Magari ya zamani yanayofufuliwa Kampala, Jinja au Mbale hayafanani hata kidogo upande huu. Land Rover Series II yenye injini ya petroli ya lita 2.25 ina bloku la chuma cha kumimina na hedi ya chuma pia. Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ina bloku la chuma lakini hedi yake ni alumini. Volkswagen Beetle ndiyo ngumu kuliko zote: mwili wa injini ni aloi ya magnesiamu, silinda ni chuma, hedi ni alumini, na mabati yanayoifunika ni chuma chembamba. Injini moja, metali tatu, na kila moja ina adui wake.

Alumini na magnesiamu huwachanganya hata mafundi wazoefu, maana zote ni nyepesi na zote zina rangi ya kijivu. Kwangua sehemu ndogo isiyoonekana, kisha dondosha tone la siki. Magnesiamu hutoa viputo papo hapo, alumini hutulia. Ukishajua, suuza kwa maji na ukaushe. Magnesiamu haitaki asidi ya aina yoyote, na vumbi lake linalotoka kwenye grainda hushika moto mkali ambao maji huuchochea badala ya kuuzima. Anayechubua mwili wa injini ya Beetle aweke ndoo ya mchanga mkavu karibu na aiache grainda kabatini.

Kostiki soda ndiyo njia ya bei nafuu kwa vipuri vya chuma: sampu (bakuli la oili chini ya injini), kifuniko cha taimingi cha bati, puli, mabano ya dinamo. Kipimo kinachofaa ni gramu 100 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo pipa lenye lita 20 linataka kilo 2. Maji yatangulie, yawe ya baridi, halafu soda iongezwe kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti kirefu. Ukimwaga maji juu ya soda, joto linalozuka kwa ghafla hurusha mchanganyiko usoni. Tumia pipa la chuma au ndoo nene ya plastiki. Usitumie sufuria, kwani masufuria mengi ya madukani ni alumini. Soda italila sufuria huku ikitoa haidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche ndogo tu. Kwa sababu hiyo hiyo, kagua kila kipuri cha chuma kama kina kibati cha alumini chenye maandishi au bushi ya metali nyingine, na uving'oe kabla ya kukizamisha. Usiku mmoja hutosha kwa rangi nyingi za kale. Glavu ziwe ndefu za mpira, zifike karibu na kiwiko, miwani ifunike pembeni, na jerikeni ya lita 20 ya maji safi iwe karibu, tayari imefunguliwa. Soda ikiingia jichoni, suuza kwa dakika 20 bila kusimama, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kwa alumini tumia dawa ya kuchubulia ya mfumo wa jeli, kikwanguo cha plastiki na brashi ya waya wa shaba. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe ndogo ndani ya alumini, na chembe hizo hupata kutu chini ya rangi mpya. Jeli nyingi zenye nguvu zina methilini kloraidi, ambayo mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini, kwenye shimo la gereji au chumba kisicho na dirisha. Fanya kazi hiyo nje. Glavu nyembamba za hospitali hupenywa na dawa hii kwa dakika chache, kwa hiyo uliza duka la kemikali glavu zinazostahimili viyeyusho.

Siki au asidi ya sitriki ni nzuri kwa kutu ya vipuri vidogo vya chuma, saa 12 hadi 24, kisha suuza kwa maji yenye kijiko cha baikaboneti ya soda. Lakini usizamishe humo springi za valvu wala boliti za koni rodi. Asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, chuma kinakuwa rahisi kukatika, na huioni kasoro hiyo kwa macho. Kitakatika barabarani, miezi baadaye.

Kuna tabia ya kuosha grisi kwa petroli, na tunaomba iachwe. Mvuke wa petroli hutambaa sakafuni mita kadhaa hadi ukutane na sigiri ya mama anayeuza chai nje ya gereji. Mafuta ya taa yanatosha kulainisha grisi, ukimalizia kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Dizeli inasafisha pia, ila huacha utando ambao rangi haishiki.

Kupiga mchanga kwa kompresa kunavutia kwa sababu ni haraka, na kwa bano au puli hakuna ubaya. Bloku, hedi na kifuniko cha valvu chenye kibati cha kuzuia mvuke wa oili ni jambo lingine. Punje hujificha kwenye njia za oili na nyuma ya kibati hicho, hazitoki kwa kuosha mara moja, na baadaye huenda moja kwa moja kwenye beringi za krankishafti. Tena mchanga wa kawaida una silika. Vumbi lake likivutwa mara kwa mara huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Kama lazima kupiga, tumia shanga za kioo, ziba kila tundu, na barakoa iwe ya chujio la vumbi laini, si kitambaa.

Vumbi la kale nalo lichukuliwe kwa uzito. Gasketi za eksozi na kamba za kuzuia joto kwenye magari ya miaka ya 1950 hadi 1970 mara nyingi zina asbesto, na rangi za wakati ule zinaweza kuwa na madini ya risasi. Usikwangue vikiwa vikavu. Lowesha kwa maji yenye sabuni, toa kwa kikwanguo, funga mabaki kwenye mfuko wa plastiki, na nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Seti ya gasketi iwe mkononi kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utapata gasketi za Toyota siku hiyo hiyo, lakini za gari la 1965 huenda zikalazimu kuagizwa, na gasketi ya koki iliyokaa miaka 40 haitoki nzima. Injini iliyoachwa wazi wiki sita kwenye vumbi la murram ni hasara kubwa kuliko rangi iliyofifia. Piga picha kila upande, na picha za karibu za kila waya na bomba. Boliti ziwekwe kwenye trei za mayai, kila shimo liandikwe ilikotoka. Hili si suala la usafi tu: gari la Uingereza lina boliti za inchi, la Ufaransa au Ujerumani lina za milimita, na Land Rover za zamani huwa na aina zaidi ya moja ya meno ya inchi. Boliti inayofanana inaweza kuingia mizunguko mitatu kisha ikararua meno ya alumini.

Angalia pia nambari ya injini. Imo kwenye logbuku, na ukiisaga kwa msasa au ukaijaza rangi nzito, gari lako litaonekana kama limeibwa siku ya kuliuza au kukaguliwa. Ifunike kwa tepu tangu mwanzo. Rangi ya asili nayo itafutwe kabla haijachubuliwa yote: hubaki nyuma ya mabano, chini ya kibati cha maandishi, mahali ambapo jua na oili havikufika.

Sasa amua mahali ambapo rangi haitakiwi. Nyuso zote zinazokutana na gasketi ziachwe tupu, la sivyo oili itavuja. Ndani ya sampu na ndani ya kifuniko cha valvu usipake chochote, kwa sababu rangi ikibanduka huziba chujio la pampu ya oili, na injini hufa kwa kiu. Meno ya boliti, viti vya sensa za joto, na pale waya wa ethi unapofungwa pawe chuma kitupu. Stata inayozunguka kwa uvivu baada ya injini kupakwa rangi mara nyingi haina ugonjwa mwingine ila rangi iliyopakwa pale ethi inapofungwa. Mapezi ya silinda za Beetle yapate tabaka moja jembamba au yaachwe kabisa, maana rangi nene huhifadhi joto kwenye injini inayopozwa kwa hewa.

Rangi huchaguliwa kwa joto. Bloku na kifuniko cha valvu hukaa kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi, kwa hiyo enameli ya injini inayostahimili takriban 260 inatosha sana. Manifoldi ya eksozi hupita 400 kwa urahisi. Inahitaji rangi ya silikoni ya nyuzi 650 au zaidi, inayopakwa juu ya chuma kitupu bila praima ya kawaida. Epuka rangi ya magari yenye hadina (dawa ya kukaza rangi) kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Isosianeti zilizomo huweza kukuletea pumu ya kudumu, na chujio la kawaida halikupi ulinzi wa kutosha.

Kwa injini ya silinda 4, pamoja na sampu, vifuniko, puli na kisafisha hewa, panga kopo 2 za praima na 3 za rangi, za mililita 400 kila moja, na moja ya eksozi. Zote zitoke kampuni moja, kwa sababu praima na rangi zisizoelewana hukunjana kama ngozi ya maziwa. Ongeza tina lita 5, msasa namba 180 na 320 karatasi nne kila aina, roli mbili za tepu ya karatasi, na vitambaa vyeupe vya pamba visivyotoa nyuzi.

Siku ya kupaka ichaguliwe kama mkulima anavyochagua siku ya kuanika kahawa. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua hubadilisha mipango ndani ya nusu saa, na hewa yenye unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi, kwani tina inapokauka hupoza uso na maji hujikusanya hapo. Muda mzuri ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kivulini. Kwenye jua kali matone hukauka kabla ya kutua, uso ukabaki na vishimo kama ganda la chungwa. Mwagia sakafu maji kidogo ili vumbi litulie. Ukitumia kompresa, toa maji yaliyokusanyika ndani ya tangi asubuhi hiyo, na ujiulize kama umeme ukikatika katikati ya tabaka utafanya nini.

Kipuri kilichotoka kwenye soda huanza kutu ndani ya saa moja. Kisuuze kwa maji ya moto ili kijikaushe chenyewe, kipulize, kisha ufanye jaribio la maji: nyunyizia kidogo. Yakitandaa kama karatasi, uso ni safi. Yakijikusanya matone, oili bado ipo. Chuma cha kumimina hunyonya oili vinyweleoni. Kipashe joto kidogo, kitatoka jasho, futa kwa tina, rudia hadi kitambaa cheupe kibaki cheupe. Tangu hapo usikishike kwa mikono mitupu.

Paka tabaka nyembamba tatu, dakika 10 kati yake. Soma kopo kuhusu kurudia: enameli nyingi huruhusu ndani ya saa moja au baada ya siku 7, na anayepaka katikati ya muda huo huona rangi ikikunjamana. Usioke vipuri kwenye oveni ya chakula. Injini yenyewe itaimarisha enameli ikipata moto. Eksozi iwashwe kwa hatua: dakika 10 mdundo wa chini, ipoe kabisa, dakika 20, ipoe, ndipo nusu saa.

Maji ya soda na tope la rangi yasimwagwe mferejini. Mfereji wa Nakivubo huishia kwenye ghuba ya Murchison, upande ule ule ambako Kampala huteka maji ya kunywa huko Ggaba. Acha tope litulie kwenye pipa, likauke, lifungwe ndani ya kopo na lipelekwe kwa wanaokusanya taka za hatari.

Baada ya saa ya kwanza ya injini kuwaka na kupoa, pitia boliti za mabano na puli kwa spana. Rangi iliyobanwa chini ya vichwa vyake hulainika kwa joto na kujiminya, na boliti iliyokuwa imekaza asubuhi huwa imelegea jioni.