Namna ya kuomba kusimamishiwa malipo ya mkopo wa masomo wa Marekani baada ya janga: mwongozo kwa familia za Goma

Familia nyingi za hapa Goma zina kijana aliyehamishiwa Marekani kama mkimbizi. Vijana hao wakisoma huko kwa mkopo wa serikali, na kimbunga au mafuriko yakawaharibia nyumba na kazi, simu ya kwanza huja kwetu. Mwongozo huu ni wa anayepokea simu hiyo, kwa sababu ushauri tuliouzoea, yaani kwenda kwa shefu wa kartie kutafuta barua yenye muhuri, huko haumsaidii mtu.

Aanze kwa kujua mkopo wake ni wa aina gani. Akifungua akaunti yake kwenye tovuti ya studentaid.gov ataona mikopo yote ya serikali kuu, pamoja na jina la kampuni inayoisimamia, kama vile Nelnet, MOHELA, Aidvantage au Edfinancial. Mkopo usioonekana hapo huenda ni wa benki binafsi. Huo hauongozwi na kanuni ninazozieleza hapa, na itabidi azungumze na benki yenyewe.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba eneo lake limetangazwa rasmi kuwa la janga. Tovuti ya FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, huonyesha matangazo hayo kwa kila jimbo na wilaya. Kimbunga Beryl kilipopiga Houston tarehe 8 Julai 2024, kwa mfano, aliyeishi huko alitakiwa kutafuta wilaya ya Harris, si jina la mji peke yake.

Kisha aipigie kampuni simu yeye mwenyewe, maana mzazi aliyeko Goma hatasikilizwa bila idhini ya mwenye deni. Aseme waziwazi kwamba anaomba kusimamishiwa malipo kwa sababu ya janga la asili. Neno lao ni forbearance, na asipotaja janga anaweza kupewa aina nyingine ya usimamishaji. Kampuni inaweza kumpa hadi miezi 3 bila kumdai barua ya maombi wala vielelezo. Sisi tulioelekea Gisenyi na Sake baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, tukaacha hata vyeti vya shule ndani ya nyumba, tunajua uzito wa jambo hilo. Kama tayari amechelewa kulipa, aulize pia ikiwa miezi iliyopita inaweza kuingizwa humo, kwa kuwa mkopo wa serikali ukicheleweshwa siku 90 huripotiwa kwenye taasisi za kumbukumbu za madeni, na ukifika siku 270 mkopaji huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa.

Kabla ya kukata simu aandike kwenye daftari tarehe, saa, jina la aliyemhudumia, siku usimamishaji unapoanza na siku unapoisha, kisha aombe uthibitisho wa maandishi. Ikiwa benki humkata fedha moja kwa moja kila mwezi, aulize kama makato hayo nayo yamesimama. Ni swali dogo ambalo wengi hulisahau, wakaja kukuta fedha ya chakula imekwenda kwenye deni.

Asidhani kwamba amesamehewa. Riba huendelea kuhesabiwa: deni la dola 20,000 lenye riba ya asilimia 5 kwa mwaka huongezeka takribani dola 250 katika miezi hiyo 3. Anayeweza kulipa riba hiyo peke yake, ni afadhali ailipe.

Ombi hili halina ada. Anayemwahidi kwa WhatsApp kwamba atamfutia deni akimtumia dola mia chache, au anayemwomba nywila ya akaunti yake, ni tapeli, hata kama anaongea Kiswahili chetu cha Kivu.

Ikiwa kazi haijarudi, kuna mpango wa kulipa kulingana na kipato, na kuna kuahirishiwa malipo kwa wasio na ajira. Yote huombwa bure kupitia tovuti au kampuni ileile. Maombi hayo huchukua muda kushughulikiwa, kwa hiyo ayatume wiki kadhaa kabla ya ile tarehe ya mwisho aliyoiandika kwenye daftari.