Jinsi ya kucheza snaipa kwenye PUBG bila kuiacha skwadi yako ife

PUBG ni gemu ya kuokota silaha na kupigana mpaka ibaki timu moja. Mtu akiokota bunduki ya Kar98k na skopu ya 8x (darubini ya bunduki inayokuza mara nane) kwenye mechi ya skwadi, yaani timu ya watu wanne, mara nyingi ndo mmeshampoteza. Anapanda kilima peke yake, analala kwenye majani huko mita 500 anaanza kutafuta vichwa, na wenzake watatu chini wanabanwa pande mbili wanamwita kwenye maiki hajibu. Mimi nimecheza hivyo muda mrefu na nilikuwa najiona fundi, mpaka nikaanza kucheza na jamaa mmoja ambaye mechi nzima anafyatua labda risasi 8, ila mdomo haufungi, "wawili nyuma ya ukuta, mmoja anawazunguka kushoto, gari inakuja toka mashariki msivuke barabara", na tukawa tunaingia kumi bora karibu kila siku. Hapo ndo nikaelewa mdunguaji kazi yake ya kwanza ni macho, bunduki inafuata nyuma. Hata jeshini huwa wanatoka wawili wawili, mmoja analenga, mwenzake ameshika darubini anasoma umbali na upepo na anaangalia risasi imeangukia wapi. Kwenye gemu unafanya kazi ya wote wawili peke yako, kwa hiyo usifanye nusu tu.

Bunduki sasa. Za kukoki kila risasi zinazotajwa sana ni tatu, Kar98k, M24 na AWM. Kar98k na M24 unaziokota chini, AWM kwa kawaida unaipata kwenye lile boksi linaloshushwa na ndege, tena risasi zake za .300 Magnum huzikuti majumbani, kwa hiyo unachokuta kwenye boksi ndo mtaji wako wote. Cha kujua hapa ni kofia. Kofia ya leveli 2 inapunguza maumivu ya risasi kwa asilimia 40, ya leveli 3 kwa asilimia 55. Ndo maana Kar98k au M24 ikimpata wa leveli 2 kichwani anaanguka palepale, ila wa leveli 3 anabaki na damu kidogo, anageuka na kukukimbia. AWM inamwangusha hata wa leveli 3 kwa risasi moja ya kichwa. Kwa hiyo kabla hujafyatua, tumia nusu sekunde kuangalia kofia yake, ukiona ile ya leveli 3 inayofunika uso na wewe una Kar98k, mwambie mwenzako mfyatue pamoja au subiri atoke sehemu ambayo risasi ya pili utaiwahi. Kukoki kunakula karibu sekunde 2 na kwenye sekunde 2 mtu mwenye akili ameshajificha.

Halafu kuna SKS, SLR na Mini 14, hizi unafyatua mfululizo bila kukoki. Wengi wanazidharau eti sio snaipa wa kweli. Mimi kwa anayeanza namwambia chukua hizi kwanza, kwa sababu ukikosa ya kwanza unaona risasi imepita wapi na ya pili unarekebisha palepale, yaani bunduki yenyewe inakufundisha. Kar98k ukikosa unajifunza kidogo sana maana ukirudi kwenye skopu jamaa hayupo.

Skopu pia watu wanadhani kubwa ndo nzuri. 8x inakuonyesha kichwa vizuri ila inakunyima kila kitu kilichoko pembeni, mtu anapita mita 10 kutoka kwa unayemlenga humwoni. Kwa ramani nyingi 4x au 6x inatosha, mapigano mengi ya maana yanatokea kati ya mita 150 na 300.

Sasa tuje kwenye kulenga, hapa nitakaa kidogo maana ndo pagumu. Risasi kwenye hii gemu inasafiri, haifiki papo hapo kama kwenye gemu ya Counter-Strike ambako ukiweka msalaba (alama ya kulengea) juu ya mtu ukabonyeza imempata. Ya Kar98k inatoka na mwendo wa mita 760 kwa sekunde, ya AWM mita 945. Chukua mtu yuko mita 300 anakimbia kukatiza mbele yako. Risasi ya Kar98k itatumia kama sekunde 0.4 kufika, na zaidi kidogo kwa sababu inapungua mwendo njiani. Mtu anakimbia karibu mita 6 kwa sekunde. Kwa hiyo ndani ya hiyo sekunde 0.4 ameshasogea karibu mita 2 na nusu, ambayo ni zaidi ya urefu wake mwenyewe akilala chini! Ukimlenga kifuani risasi inapita nyuma yake mbali kabisa, na yeye anasikia mlio anajua yuko hatarini. Unalenga hewa mbele yake. Akili inakataa mwanzoni, unaona kama unapoteza risasi, ila ndo hesabu yenyewe. Akiwa anakukimbilia au anakukimbia moja kwa moja huhitaji kutanguliza kitu, na ndo maana mimi huwa nasubiri mtu abadilishe mwelekeo, hasa akifika kwenye mti au ukuta, kila mtu akifika kwenye kinga anasimama kidogo kuangalia nyuma. Hicho kisekunde ndo chako.

Umbali unaupimaje? Fungua ramani, vile viboksi vidogo kila kimoja ni mita 100 na vikubwa ni kilomita 1, hesabu kutoka ulipo mpaka kwenye nyumba aliyopo. Fanya hivyo mapema ukiwa umetulia, ukishafika kwenye kilima pima nyumba tatu nne zilizo mbele yako uzikariri, ile ya bati jekundu 200, ghala 350, daraja 500. Mtu akitokea huanzi kuhesabu. Kwenye kompyuta unabadilisha kipimo cha skopu kwa Page Up na Page Down, weka umbali halisi ulenge katikati ya msalaba badala ya kukisia kuinua. Wanaocheza gemu nyingine ya vita, Arma 3, wana vitone kwenye skopu na huko kuna hesabu tamu, mtu wa mita 1.8 akionekana ana urefu wa mili 4.5 (mili ni kipimo cha pembe) basi yuko mita 400, unachukua urefu kwa mita unazidisha mara 1000 unagawa kwa mili.

Pumzi. Ukitoka kukimbia usilenge palepale, mtu wako anahema na skopu inacheza, mpe muda. Kushika pumzi nako usishike tangu umeanza kumtafuta adui, inakuisha wakati ndo unataka kufyatua na mtikisiko unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mtafute huku unapumua, ukishampata ndo shika, fyatua, achia. Na kitu kimoja ambacho nilichelewa sana kukijua, ukifyatua Kar98k usiachie kitufe cha kufyatulia, kishikilie, utabaki ndani ya skopu na utaona risasi imeangukia wapi, ukiachia ndo anakoki. Bila hivyo skopu inatoka kabla hujaona kitu na unabaki unakisia tu kama ilipita juu au chini.

Mahali pa kulala. Usikae kileleni kabisa, ukiwa juu ya mstari wa kilima mwili wako unachorwa na anga nyuma yako, mtu yuko mita 600 anakuona bila hata skopu. Shuka kidogo, uwe na kilima nyuma yako, jiwe au mti pembeni. Majani nayo yanawadanganya wengi, kwa mbali gemu haiyachori yote, wewe unajiona umezama kwenye nyasi kumbe mwenzako anakuona umelala juu ya udongo mtupu. Tegemea kitu kigumu. Kwenye gemu ya Battlefield kuna jambo jingine, skopu kubwa inamulika kama kioo kwenye jua, adui anaona mwanga kabla hajakuona wewe, kwa hiyo usiweke jicho kwenye skopu muda wote, chungulia, soma, toa. Simo Häyhä, yule mdunguaji Mfini wa vita vya Ufini na Muungano wa Kisovyeti kwenye baridi kali ya 1939 mpaka 1940, alikuwa anatumia bunduki isiyo na skopu kabisa, sababu mojawapo kioo kisimuumbue na asilazimike kuinua kichwa juu, na alikuwa anaweka theluji mdomoni ili mvuke wa pumzi usionekane. Mtu anayehesabiwa kuua zaidi ya 500 alikuwa anahangaika na mvuke wa mdomo wake, na sisi tunasimama wima mlimani.

Kabla hujafyatua ya kwanza uwe umeshajua utahamia wapi. Risasi moja, mbili mwisho, unahama hata mita 20, tokea upande mwingine wa jiwe. Anayekutafuta anaweka msalaba pale alipokuona mara ya mwisho na anasubiri kichwa kirudi. Kama hujapata sailensa (kifaa cha kupunguza mlio) ndo kabisa. Na wewe ukipigwa tumia masikio, utasikia kwanza mchapo mkali wa risasi ikipita, halafu baadaye kidogo mlio wenyewe wa bunduki, huu wa pili ndo unaoonyesha mtu yuko wapi, ule wa kwanza unapotosha. Pengo kati ya hiyo miwili likiwa refu, yuko mbali.

Tukirudi kwenye kazi ya timu. Kabla ya kufyatua sema unachokiona, na ukiseme vizuri. "Yuko pale kwenye mti" haisaidii mtu, sema nyuzi za dira zilizo juu ya skrini na umbali na idadi, "220, mita 300, wawili, wanaelekea kwenye ghala". Wakati mwingine hutakiwi kufyatua kabisa. Timu yako inavuka uwanja, adui wanne hawajawaona, wewe unaona mmoja kichwa wazi na kidole kinawasha. Ukifyatua, wale watatu wanageuka na wenzako wako katikati ya uwanja hawana hata jiwe. Subiri wavuke. Hiyo kili (kuhesabiwa umeua mtu) utaipata tu.

Ukishamwangusha mmoja usimmalizie haraka kama timu yake bado ipo. Sogeza skopu pembeni kidogo ya alipolala usubiri, maana kumnyanyua mtu kunachukua sekunde kadhaa na anayenyanyua haendi popote. Wakirusha moshi waambie wenzako wasogee wakati huohuo, walio ndani ya moshi nao hawaoni nje. Hapa ndo timu inashinda pambano, wewe umewafunga pale hawawezi kuinua vichwa na wenzako wanazunguka. Siku moja tulipokuwa kilimani kusini mwa Pochinki, mji wa kwenye ramani ya Erangel, nilikosa risasi nne mfululizo kwenye dirisha moja la ghorofa ya pili, hata moja haikumgusa mtu, lakini yule jamaa hakuthubutu kurudi dirishani na wenzangu waliingia mlango wa chini bila kuguswa, wakawamaliza wote. Kwenye matokeo nina sifuri. Ile ni mechi ninayoikumbuka kuliko za kili 10.

Gari zikija lenga matairi au dereva, usihangaike na abiria. Na usiwe mbali na skwadi kiasi kwamba mmoja akianguka huwezi kufika kumnyanyua, mimi sizidi mita 100 nyuma yao.

Bunduki ya pili iwe ya kumwaga risasi, M416 au hata UMP, maana zoni (eneo salama linalozidi kupungua) ikishakuwa ndogo Kar98k inakuwa mzigo na lazima kuna mtu atakufuata huko ulikolala. Zoni za mwisho mimi nabaki na 4x kwenye bunduki ya kawaida, snaipa naweka mgongoni.

Mazoezi: ingia sehemu ya mazoezi, chukua Kar98k na 6x, tafuta shabaha za mita 200 na upige risasi 20 ukishikilia kitufe kila mara uone zinaangukia wapi, kisha 300, kisha mwombe rafiki akimbie kushoto na kulia mbele yako huku unatanguliza. Dakika 15 kabla ya mechi zinatosha. Risasi ya kwanza ya kila siku mimi huwa inapita nyuma ya mtu, ya tano ndo mkono unakumbuka.