Chama chenu kina cheti cha Fairtrade? Ifuate hela yako hivi

Wakuu, huku Mbozi msimu ukianza tu, ndoo za cheri, yaani kahawa mbivu, zikianza kupanga foleni pale CPU, kituo cha kumenya kahawa cha pamoja, swali ni lile lile, "AMCOS yetu (chama chetu cha ushirika) ina cheti cha Fairtrade, ile biashara ya haki, mbona mimi hela siioni?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ngoja niandike.

Kwanza elewa kuna vitu viwili. Kuna bei ya chini, hata soko likianguka vipi mnunuzi wa Fairtrade hashuki chini ya hapo, na kwa kahawa ya arabika iliyooshwa toka Agosti 2023 ni dola 1.80 kwa ratili (kama nusu kilo kasoro kidogo), zamani ilikuwa 1.40. Halafu kuna premiamu, senti 20 za dola juu yake kwa kila ratili. Kwa kilo, bei ya chini ni kama dola 3.97, na premiamu kama senti 44. Ila usikimbilie kuzidisha na cheri zako! Hiyo ni bei ya kahawa safi, imeshakobolewa na kufikishwa bandarini, na cheri kilo sita saba hivi ndo zinakupa kilo moja safi, bado hujatoa usafiri, kukoboa na makato ya chama.

Soko likiwa juu, kama mwanzoni mwa 2025 bei ya soko la kahawa la New York ilipovuka dola 4 kwa ratili, ile bei ya chini inalala tu haina kazi, mnunuzi analipa ya soko halafu anaongeza premiamu. Kwa hiyo mwaka mzuri usitegemee kuona tofauti kubwa na jirani asiye na cheti. Cheti utakikumbuka bei ikianguka.

Sasa swali la kuuliza mkutano mkuu, na wengi hawaliulizi, ni hili: kilo ngapi ZIMEUZWA kwa masharti ya Fairtrade? Sio kilo ngapi tumekusanya. Cheti hakimlazimishi mtu kununua, mnaweza kukusanya tani 60 ikachukuliwa kontena moja, zilizobaki zikaenda mnadani kama kahawa ya mtu yeyote. Kontena moja ni kama tani 19, piga senti 44 kwa kilo unapata kama dola 8,400 za premiamu, mkiwa wanachama 300 ni dola 28 kila mtu. Ndo maana vyama vingi havigawani, wanaona bora bati za stoo au mashine ya kumenya.

Mimi mwaka mmoja nilisimama nikauliza hilo swali kwenye chama chetu, mwenyekiti akakohoa, akanywa maji, akasema tutaleta taarifa. Kwenye makabrasha kulikuwa na jumla ya premiamu tu, kilo hamna. Tulikaa mpaka saa kumi jioni, wamama wanataka kwenda kupika, lakini karatasi ya mkataba ikaletwa.

Premiamu ni ya wanachama, matumizi yanapigiwa kura na mkutano mkuu, sio bodi peke yake. Na katika zile senti 20, angalau 5 ziende kwenye uzalishaji na ubora, kwa hiyo ukisikia zote zimeishia kwenye ofisi mpya, uliza. Uliza pia gharama ya ukaguzi wa cheti inakatwa wapi, maana wakaguzi hawaji bure.

Lingine watu hawalijui, chama kikiomba, mnunuzi anatakiwa kusaidia kupatikana malipo ya mbele mpaka asilimia 60 ya mkataba. Hiyo ndo dawa ya kuuza kahawa ikiwa bado ua kwa sababu ya ada ya mtoto, walanguzi wanaupenda sana huo mwezi wa shule kufungua.

Na vile vikaratasi vya mzani usivitupe jamani. Mke wangu anavitunga kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, siku ya malipo ya pili, yale ya kumalizia baada ya kahawa kuuzwa, tunavishusha tunajumlisha kabla sijaweka saini.