Vumawimbi: hesabu maji kwa tarehe ya mwezi

Ukikatiza msitu wa Ngezi, Pemba, ukateremkia Vumawimbi na kutaka kuambaa na ufuo kuelekea Ras Kigomasha, panga safari kuanzia saa ya maji kupwa, kisha hesabu kurudi nyuma. Huhitaji intaneti. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 3 ya mwezi mwandamo, si ya kalenda ya kawaida, ni karibu saa 6 kasorobo. Fika ufuoni masaa mawili kabla, na maji yakigeuka, geuka nawe.

Usingoje uyaone yanapanda, maana saa ya kwanza hayana haraka hata kidogo. Mbio zake ni saa ya tatu na ya nne: nusu ya kimo chote huingia hapo, na kwa bamvua hiyo ni kama mita 2. Penye mchanga utarudi umelowa tu. Penye jabali la matumbawe huna pa kupita, na halipandiki kwa kandambili.

Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, tarehe 8 au 22 hivi, hesabu hii haikufai: kupwa kwa mchana huangukia karibu saa 10 jioni, maji hayaendi mbali, na msituni giza huingia mapema kuliko ufuoni. Upepo mkali wa kutoka baharini nao huyapandisha maji kabla ya saa yake.