Somo: kuanza njia ya ute, hatua kwa hatua

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi na mume wangu tunatumia njia ya Billings, yaani kupanga uzazi kwa kufuata ute unaotoka ukeni, huu mwaka wa 11. Kabla ya hapo tulikuwa tunahesabu kalenda. Niliambiwa siku ya 14 ndiyo ya kuepuka, basi. Nikaugua malaria, mzunguko ukarefuka, na sisi tayari tulishajihesabia kwamba tumevuka. Ndivyo alivyokuja mtoto wetu wa tatu, na tunampenda mno. Lakini siku ile nilielewa kwamba tarehe haijui mwili wangu umefika wapi. Ute ndio unajua. Na tafadhali, tuache kusema "siku za hatari". Mtoto si hatari. Tuseme siku za rutuba.

Tuanze na Kanisa, maana hapa wengi tunakosea. Papa Paulo VI alitoa waraka Humanae Vitae tarehe 25 Julai 1968. Namba ya 14 inakataza kila kinachofanywa kwa kusudi la kuzuia uzazi, kiwe kabla ya tendo la ndoa, wakati wa tendo au baada yake. Kwa hiyo si vidonge, sindano, vijiti na kitanzi tu. Kondomu imo, kufunga kizazi kumo, na kumwaga nje kumo. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu kila semina nasikia mtu akisema, "Sisi tunatumia asili, baba anamwaga nje." Kukosekana kwa dawa hakulifanyi jambo kuwa la asili. Shida haikuwa kemikali tangu mwanzo. Shida ni kulifanya tendo huku mkilinyang'anya uzazi wake. Namba ya 16 inawaruhusu wanandoa wenye sababu ya kweli, ya afya, ya kipato, ya hali ya nyumbani, kukutana katika siku ambazo Mungu mwenyewe ameziumba bila rutuba.

Sasa kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: daftari na kalamu. Daftari la mistari la shule linatosha. Siku ya kwanza ya hedhi ndiyo mstari wa kwanza. Damu, rangi nyekundu. Siku kavu, kijani. Siku ya ute, chora alama ya mtoto. Chati inajazwa jioni, siku ikiwa imekwisha.

Hatua ya pili: wiki mbili hadi nne bila tendo la ndoa, ili usome mwili wako bila kuchanganya. Msiiruke. Mbegu za mume zikitoka kesho yake zinafanana na ute, na anayejifunza hawezi kutofautisha.

Hatua ya tatu ndiyo somo lenyewe. Unapotembea, ukiwa shambani, dukani au kazini, sikiliza: pale chini nahisi ukavu, unyevu, au utelezi? Ukienda msalani, jifute na uangalie kilichopo. Usiingize kidole ndani. Ndani kuna unyevu siku zote, utajidanganya. Baada ya hedhi wanawake wengi huwa na siku kavu. Kisha kinaanza kitu: kizito, cheupe, chenye kunata. Siku zinavyosogea kinalainika, kinang'aa, kinavutika kati ya vidole bila kukatika, sawasawa na ute wa yai bichi. Kiswahili kimeshatusaidia, neno ni lilelile. Lakini wapo wasiouona kabisa ule wa kuvutika, wanahisi utelezi tu. Hao nao wana rutuba. Hisia inapita macho, na ningekuwa na dakika moja tu ya kufundisha ningefundisha hilo.

Hatua ya nne: kilele. Ni siku ya mwisho ya utelezi. Utaijua kesho yake tu, utelezi ukishaondoka, ndipo unarudi nyuma kwenye daftari na kuweka X. Yai linaishi kama siku moja tu, lakini mbegu ya mume ikipata ute mzuri inaweza kuishi hadi siku 5. Ndiyo maana rutuba huanza siku kadhaa kabla yai halijatoka.

Kanuni kwa wanaotaka kuahirisha mimba: msikutane siku za damu nyingi, maana damu inaficha ute. Siku kavu kabla ya kilele, kutaneni jioni tu, na si siku mbili mfululizo. Ute ukianza, simameni. Ukikatika bila kilele, subirini siku tatu kavu, mrejee jioni ya nne. Baada ya kilele hesabuni siku tatu kamili. Kuanzia asubuhi ya siku ya nne hadi hedhi mko huru, saa yoyote. Wanaotafuta mtoto watumie zile siku za utelezi.

Mume ndiye aandike chati. Mke anaangalia, anamwambia, mume anashika kalamu. Nyumba nyingi nilizoona zikishindwa, daftari lilikuwa siri ya mama, na baba alikutana na neno "leo hapana" kitandani kama amri. Anayeandika mwenyewe alama ya mtoto hahitaji kuambiwa.

Kati ya wanandoa 100 wanaoshika kanuni zote, karibu 3 hupata mimba kwa mwaka. Wanaozishika nusunusu hufika 20 na zaidi. Na njia hii haizuii VVU wala magonjwa ya zinaa. Kama mimba ni hatari kwa uhai wako, usianze na maandishi haya peke yake. Tafuta mwalimu wa njia hii na uongee na daktari.

MASWALI YA WASHIRIKI

Swali: Mwalimu, wote hawataki mimba. Anayemeza vidonge vya majira na anayesubiri, tofauti iko wapi?

Jibu: Nia inaweza kufanana, ndiyo. Lakini mmoja anafanya tendo na kulifunga mlango, mwingine halifanyi. Kutosema neno na kusema uongo si jambo moja, hata kama yote mawili yanaficha habari. Ila ukweli usemwe: hata njia hii inaweza kutumika kwa ubinafsi. Papa Pio XII alipozungumza na wakunga mwaka 1951 alidai sababu nzito, si starehe.

Swali: Dada, nanyonyesha, mtoto ana miezi minne, hedhi haijarudi. Je, niko salama?

Jibu: Mambo matatu yawepo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu, usiku na mchana, bila uji wala maji. Hapo uwezekano wa mimba ni mdogo sana, chini ya 2 kwa 100. Moja likivunjika, kinga imekwisha. Anza chati leo, maana yai linaweza kutangulia hedhi.

Swali: Daktari amenipa vidonge kwa sababu natoka damu nyingi sana. Naweza kupokea Komunyo?

Jibu: Namba ya 15 ya waraka uleule: tiba inayohitajika kweli haikatazwi, hata kama inasababisha kutoshika mimba, mradi hilo silo lengo. Meza dawa yako, mama, na komunika kwa amani. Ukiwa na wasiwasi, ongea na padri.

Swali: Ute wangu unawasha na una harufu.

Jibu: Huo ni ugonjwa. Nenda kituo cha afya, na chati isubiri mpaka upone.

Swali: Mume wangu hataki kusikia. Akinywa, ananilazimisha.

Jibu: Mama, pole sana. Hapo hatuzungumzii njia tena. Waraka huohuo, namba ya 13, unasema tendo analolazimishwa mwenzi si tendo la upendo. Hujatenda dhambi wewe kwa kulazimishwa. Mwambie paroko, au mama unayemwamini katika jumuiya, na kama kuna kipigo nenda dawati la jinsia polisi, usiende peke yako. Nipigie usiku wowote, namba yangu unayo.